Kila Ikinyesha, Kipimo cha Wakoli

Kitale, Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Leo nimehamishiwa meza ya Wakoli. Kiplangat, meneja wetu, amesema ushirika wa wakulima hauwezi kuacha kompyuta nzuri ikae bure karibu miezi miwili kwa sababu ya huzuni. Sweta ya kijivu ya marehemu bado iko mgongoni mwa kiti. Lorraine wa mapokezi hataki kuigusa, nami sikuthubutu, basi nimeiegemea kutwa nzima nikijifanya sijui ni ya nani.

Nimenunua daftari hili kwa sababu hapa ofisini hakuna tena mtu wa kuongea naye mambo ya kompyuta. Tulikuwa wawili. Sasa nimebaki mimi Chepkosgei na programu aliyoiandika yeye, ile inayopokea mahindi kwenye maghala yetu yote: jina la mkulima, idadi ya magunia, na unyevu. Unyevu ndio roho ya kazi. Kipimo kikisoma kumi na tatu na nusu kushuka chini, mahindi yanaingia ghalani. Kikizidi hapo, yanaenda kwenye mashine ya kukausha, kwa maana mahindi yenye maji huota kuvu, na kuvu ile huua watu.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua. Wakulima wanalia, mahindi yanachipua yakiwa bado shambani.

Ijumaa, 6 Oktoba

Balaa. Wamefungua ghala la Matulo, kule karibu na Webuye, wakakuta kuvu ya kijani kutoka ukutani hadi mlangoni. Magunia mia mbili na zaidi yatateketezwa, chakula cha watu cha kuwafikisha Juni. Kiplangat ameita rekodi za kompyuta. Mahindi yote yaliyooza yameandikwa kumi na tatu nukta sifuri. Makavu kabisa.

Karani wa Matulo ni Mzee Sifuna, miaka ishirini na mbili kazini. Kiplangat anasema huyo ameandika uongo ili kuwapendelea majirani zake wasipange foleni ya kukausha. Amemsimamisha kazi leo leo. Tarehe ishirini na nane Novemba atasimama mbele ya kamati, na asipojieleza atafukuzwa na kupelekwa polisi.

"Wewe nitafutie ushahidi kwa kompyuta," Kiplangat akaniambia. "Ukweli tunaujua, tunataka tu karatasi."

Niseme wazi, hata mimi nilimwona mwenye hatia. Alipigiwa simu mbele yetu, sauti ikiwa wazi kwa wote, na hakujitetea hata kidogo. Alisema tu, "Sawa. Kama ni kunifukuza, mnifukuze."

Jumatano, 11 Oktoba

Nimehesabu. Tangu Agosti kuna rekodi thelathini na moja za Matulo zenye kumi na tatu nukta sifuri kamili. Kipimo halisi hakipendi namba zilizonyooka namna hiyo. Huyu mzee kama alikuwa anadanganya, alikuwa mvivu hata wa kubuni.

Ijumaa, 13 Oktoba

Programu ya Wakoli haizungumzi na hifadhidata moja kwa moja. Inatumia maktaba, yaani programu ndogo iliyoandikwa na watu wengine, ndiyo inayobeba kila rekodi na kwenda kuiweka. Maktaba hii ni mbeba mzigo mwenye maneno mengi. Ukiiruhusu, hutangaza kila hatua: nimefungua mlango, nimebeba hiki, mtandao umekatika, najaribu tena. Ningeyapata maneno hayo ningejua nani aliandika kumi na tatu, saa ngapi, kutoka ghala gani. Lakini faili la logi, linalotunza matangazo ya aina hiyo, halina nilichotaka. Maneno ya programu yenyewe yamo. Ya maktaba, hakuna hata herufi.

Nimemlaumu Wakoli kwa sauti. Mtu anajengaje nyumba asiache dirisha? Lorraine akainua kichwa akaniuliza naongea na nani.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeongeza sauti ya maktaba kwenye mipangilio. Kimya.

Jumatano, 18 Oktoba

Kimya.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimeelewa jambo moja. Programu yetu hukaa nyuma kwenye seva, ile kompyuta kuu, bila kioo. Chochote ambacho maktaba inakisema kwa kawaida yake kinaangukia mahali pasipokuwa na mtu, kama maji ya kunawa yanayomwagwa nyuma ya nyumba. Lazima niyakingie ndoo mwenyewe.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimeenda Matulo kumwona Mzee Sifuna. Nilimkuta akipukuchua mahindi yake nyuma ya nyumba, mkewe akanipa kiti na chai.

"Mulembe, madam," akasema. "Habali ya Kitale?"

Nikamuuliza kuhusu kumi na tatu. Alichukua punje kwenye beseni, akaiweka kwenye jino la nyuma, akauma. Ikatoa mlio mkavu. Akachukua nyingine kutoka gunia la pembeni, akauma, hakuna mlio.

"Hii iko na maji," akasema. "Mimi nilikuwa nauma kila gunia kabla ya mashine. Meno yangu haijawahi nidanganya."

"Sasa kwa nini uliandika kavu?"

"Si mimi niliandika. Mimi naingiza vile kipimo inasema, kumi na nane, kumi na tisa. Halafu naangalia kwa tableti, naona imekuwa kumi na tatu. Mashine ya serikali ama ya ofisi ikisema, mimi ni nani?"

Akaniletea daftari la shule. Kila siku ameandika jina la mkulima na neno moja, *maji* au *kavu*, kwa meno yake. Nimelinganisha na rekodi zangu thelathini na moja. Ishirini na tisa ameandika *maji*.

"Mzee, hii inakuokoa. Kwa nini hukumwonyesha Kiplangat?"

Akakunja daftari. "Wacha tu, madam. Kuna vitu mtu analipa."

Mkewe alimtazama, kisha akatazama chini. Nimerudi Kitale nikiwa na picha za kurasa zote na swali ambalo sikulipatia jibu.

Alhamisi, 2 Novemba

Kimeli wa ghala la Moi's Bridge amepiga simu saa nne asubuhi.

"Chep, hii kitu yenu ina pepo ama? Mvua imekata network, imerudi, mkulima wa kwanza mahindi yake inadondosha maji kabisa. Nimeingiza kumi na tisa. Tableti inasema kumi na tatu."

"Nukta sifuri?"

"Nukta sifuri. Sasa si mtasema ni mimi?"

Sifuna amesimamishwa kazi mwezi mzima na yuko Matulo. Nilishika tama pale mezani kwa muda. Nilikuwa nimemhukumu mzee wa watu kwa sababu tu hakulia mbele yetu.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimegundua kwamba maktaba hukubali kukabidhiwa mtu wa kusikiliza. Unaiandikia kazi ndogo, unaipa, nayo kila ikitaka kusema inaiita kazi hiyo. Nimeandika mistari sita: chukua neno, andika saa, weka kwenye faili. Bado kimya.

Jumatatu, 6 Novemba

Mjinga mimi. Nilikuwa naipa maktaba msikilizaji baada ya kufungua mlango wa hifadhidata. Ikishafungua mlango imekwisha kuamua itasema na nani. Lazima ipewe kabla. Nimehamisha mistari yangu sita juu kabisa ya programu, kwenye nakala iliyo hapa mezani, na nimewaelekeza Moi's Bridge watume kwangu badala ya seva.

Jumanne, 7 Novemba

Imesema.

Mvua ilianza saa saba na nusu mchana. Nilisikia mabati yakianza juu yetu, nikajua na Moi's Bridge inanyesha, maana haiko mbali. Mtandao wao ukakatika. Ukarudi. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mingi, haraka, kwa Kiingereza chake kikavu. Naiandika hapa kwa lugha yetu jinsi nilivyoielewa.

Nafungua mlango. Natuma rekodi ya kwanza: Wakoli, gunia moja, unyevu kumi na tatu nukta sifuri. Mlango umekatika. Nafungua tena. Rekodi mpya: Mama Jepchirchir, magunia manane, kumi na nane nukta nne. Najaribu tena. Nimeandika: Mama Jepchirchir, magunia manane, kumi na tatu nukta sifuri.

Niliuondoa mkono kwenye kibodi. Jina la mtu tuliyemzika Agosti lilikuwa pale mbele yangu, saa na dakika ya leo.

Ilinichukua muda kutulia na kufikiri kama mtu wa kazi. Wakoli alipoijenga programu aliipa gunia moja la majaribio, ili kila inapoamka au mtandao unaporudi itume rekodi hiyo kwanza kuhakikisha mlango uko wazi, kisha ifutwe. Gunia la mama yake. Ameandika hivyo kwa mkono wake pembeni mwa programu: *mahindi ya mama, makavu, 13.0*. Hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye maktaba, toleo hili la zamani. Mtandao ukikatika kabla haijaisahau namba ya Wakoli, ikirudi humpa mkulima wa kwanza namba ile ile. Jina jipya, kipimo cha marehemu.

Waandishi wa maktaba walikwisha kulirekebisha kosa hilo. Kuweka toleo jipya ni kazi ya robo saa. Nimewaambia makarani wote warudi kwenye kitabu cha mkono hadi nitakapomaliza.

Alhamisi, 9 Novemba

Kila ikinyesha naangalia kioo. Wakoli, gunia moja. Wakoli, gunia moja. Leo mara tatu. Najua sababu yake, nimeieleza mimi mwenyewe kwa Lorraine kwa mchoro, na bado mabati yakianza kulia mwili unanisisimka. Lorraine ameniomba niifunge sweta ile kwenye mfuko na kuipeleka stoo. Nimemwambia nitafanya.

Ijumaa, 10 Novemba

Sijafanya.

Jumanne, 14 Novemba

Ushahidi wa Moi's Bridge hautoshi, kamati inataka wa Matulo, na Matulo hutuma kwenye seva. Basi kabla ya kuweka toleo jipya nimehamishia mistari yangu sita kwenye seva.

Kimya. Mezani kwangu maktaba inasema mpaka inachosha. Kwenye seva haitoi pumzi. Programu ile ile.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimelipata saa tano asubuhi.

Kwenye seva kuna faili dogo la mipangilio ambalo husomwa mwisho, baada ya mengine yote, na neno lake ndilo la mwisho. Ndani yake kuna mstari mmoja unaoiambia maktaba inyamaze. Chini ya mstari kuna jina la aliyeuweka na tarehe, kama tulivyokubaliana sote wawili kuandika daima.

Chepkosgei. 7 Agosti 2023.

Nakumbuka sasa. Diski ya seva ilikuwa imejaa, makarani wanapiga simu, Wakoli alikuwa kwenye mkutano. Niliangalia nini kinakula nafasi nikaona logi ya maktaba, kurasa kwa kurasa za porojo. Nikainyamazisha, nikafuta logi za zamani, nikaenda kula. Haikunichukua dakika tano. Nilikusudia kumwambia. Siku ile hatukuonana, na kesho yake nilikuwa nimesahau.

Kwa hiyo Wakoli aliacha dirisha. Aliyeliziba ni mimi, halafu nimekaa kitini mwake mwezi mzima nikimsema.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimeufuta mstari wangu, mvua ya alasiri ikanipa maneno ya Matulo, kisha nimeweka toleo jipya la maktaba. Hayo tu.

Jumatatu, 20 Novemba

Wakoli alikufa Alhamisi tarehe kumi Agosti, siku tatu baada ya mstari ule. Alianguka na pikipiki kwenye mvua, njia ya Webuye. Hakuna aliyejua kwa hakika alikuwa anaenda wapi siku ya kazi. Kiplangat alikuwa likizo, mimi nilikuwa Eldoret kwenye mafunzo, Lorraine alikuwa mgonjwa nyumbani. Tulilia, tukachanga, tukamzika Matulo, tukarudi.

Leo nimemwomba Lorraine kitabu cha kutoka, kile ambacho kila mfanyakazi anaandika aendapo na sababu, na ambacho Agosti hakuna aliyekumbuka kukitazama. Tulifungua Agosti pamoja. Tarehe kumi, saa mbili na dakika arobaini, mwandiko wa Wakoli wa kuinamia kushoto:

*Wakoli. Matulo. Sifuna anasema mahindi ya maji yanasomeka kavu. Logi haina kitu, naenda kuona mwenyewe.*

Lorraine aliweka mkono begani kwangu bila kujua ananifariji kwa lipi. Nilimwambia. Hakuondoa mkono.

Logi ingekuwepo angeliona kosa akiwa amekaa hapa hapa, chai yake mkononi.

Jumanne, 21 Novemba

Nimempigia Mzee Sifuna, nikamsomea mstari wa kitabu.

"Ni mimi nilimwita, madam. Nilimwambia kuja haraka, wakulima wananigombeza. Sikuwahi ambia mtu. Mama yake ni jirani yangu, tunatumia kisima moja. Nilifikiria hiyo kufukuzwa ndio malipo yangu."

Nami nikamwambia langu.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimempelekea Kiplangat kurasa mbili. Ya kwanza ina maneno ya maktaba na namba zilivyobadilika. Ya pili ina mstari wangu na kitabu cha kutoka.

Alisoma zote, akavua miwani. Mtu huyu nilikuwa namwona jiwe, lakini leo alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha.

"Ya kwanza inatosha kumsafisha mzee," akasema. "Hii ya pili toa."

"Watauliza kwa nini hatukuona tangu Agosti."

"Tutasema programu iliandikwa hivyo. Chep, marehemu hafukuzwi kazi. Wewe ndio mtu wa kompyuta nimebaki naye, na magunia yote hayo, unajua watakufanyia nini?"

"Watasema Wakoli ndiye aliharibu chakula."

"Watasema mara moja, wasahau."

Nilitoka na kurasa zote mbili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa maiti je, ambaye hata mgongo hana?

Jumamosi, 25 Novemba

Mvua kutwa. Niliwasha kompyuta nikaangalia kioo. Toleo jipya linafanya kazi, gunia la majaribio linatumwa na kusahauliwa inavyopaswa. Nilikaa kuangalia zaidi ya saa nzima, na sitaki kuandika nilichokuwa nangoja.

Jumanne, 28 Novemba

Kamati ilikuwa watu saba. Mzee Sifuna alikuja na suti na daftari lake la meno. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Mwenyekiti akauliza kwa nini kosa halikuonekana kwa miezi mitatu. Kiplangat aliinamia karatasi zake.

Nikasoma ukurasa wa pili. Niliumaliza wote.

Sifuna amerudishwa kazini na kuombwa radhi. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani nisubiri barua. Kiplangat alinisindikiza hadi langoni, akasema, "Umejimaliza bure." Sijamkasirikia. Nimeichukua sweta.

Alhamisi, 30 Novemba, Matulo

Nimeandika haya kwa Mzee Sifuna, mkewe amenipa meza.

Tulienda sote wawili, mimi na Mzee, kwa Mama Nakhungu, mama yake Wakoli. Yeye na Sifuna walisalimiana kwa mulembe kama majirani, akatukaribisha ndani. Nilimpa sweta. Aliikunja mapajani akaniangalia, akijua sikutoka Kitale kwa sababu ya sweta.

Nilimweleza kama nilivyoieleza kamati, ila polepole. Kwamba kazi ya mwanawe ilikuwa nzuri. Kwamba kulikuwa na kitu cha kumwonyesha kosa bila yeye kutoka kitini, nami nilikifunga bila kumwambia. Sifuna alivua kofia akasema yeye ndiye alimwita. Mama hakulia. Aliuliza, "Hiyo kitabu ilisema nini? Maneno yenyewe."

Nikamsomea.

"Kwa hivyo siku hiyo alikuwa kazini."

"Alikuwa kazini, Mama."

"Hakuwa amekunywa."

Sikuelewa. Sifuna alielewa, nikaona akifunika uso kwa kofia. Mama akanieleza. Kwao, siku tatu baada ya mazishi, watu wanaponyolewa nywele, mzee hupewa nafasi ya kusimama na kusema jinsi mtu alivyoishi na kilichomuua. Kinachosemwa siku hiyo ndicho kinachobaki. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kijana wa ofisi anatafuta nini barabarani Alhamisi asubuhi, mzee yule alisimama akaonya vijana juu ya chang'aa, mkono wake ukielekea kaburini. Tangu siku ile wanawake wa kanisani wanamwombea mama huyu kama mtu aliyezaa mlevi.

"Mimi nilinyamaza," akasema. "Nilikuwa najua mtoto wangu, lakini ningejibu na nini? Na wewe Sifuna, ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa nimekaa, mama."

Nilipiga magoti nikamwomba anisamehe. Akaniinua kwa kiwiko, si kwa upole.

"Hiyo ya kusamehe tutaongea siku ingine. Sijui kama nitaweza. Saa hii kaa hapo, nikuitie watu. Utasema vile umesema, yote, usiache kitu."

Alijifunga leso akatoka, nikamsikia akiita nyumba kwa nyumba: shemeji zake, wanawake wa kanisani, na yule mzee aliyesimama siku ya kunyoa. Walipofika watu kumi na mmoja, wa mwisho wakasimama mlangoni. Mama akamwambia mzee akae mbele.

Nikaanza na tarehe saba Agosti.